Bwawa la Chavdar: kisa cha Mahad, kuanzia azimio la 1923 hadi hukumu ya 1937

Tarehe 17 Machi 1937, majaji wawili wa Mahakama Kuu ya Bombay, Broomfield na Wadia, walitupilia mbali rufaa ya Narhari Damodar Vaidya na wenzake dhidi ya Bhimrao Ramji Ambedkar. Ubishi ulikuwa juu ya maji. Warufani, Wahindu wa matabaka ya juu katika mji mdogo wa Mahad, magharibi mwa India, walitaka mahakama itamke kwamba bwawa moja lililo katikati ya mji ni haki yao peke yao, na kwamba wale walioitwa "wasioguswa", watu wa Ambedkar, wapigwe marufuku kuchota humo. Shauri lilikuwa limefunguliwa Desemba 1927. Lilipanda ngazi tatu za mahakama, likala zaidi ya miaka tisa, na mwishowe likatoa jibu ambalo halmashauri ya mji huohuo ilikuwa imeshalitoa mwaka 1924.

Kisa cha Mahad kwa kawaida husimuliwa kwa picha moja: Ambedkar ameinama bwawani, ameteka maji kwa kiganja, anakunywa. Picha hiyo ni ya kweli na inastahili heshima yake. Ila ukiishia hapo utakosa sehemu ngumu ya kisa, ambayo ni hii: haki ilikuwapo kwenye karatasi kabla mtu hajaigusa, ilipoguswa ikamwaga damu, na ilipokwisha kumwaga damu, waliomwaga ndio waliokimbilia mahakamani kuomba ulinzi wa sheria.

Hao "wasioguswa", wanaoitwa Dalit leo, yaani waliopondwa, walihesabiwa kuwa nje ya ngazi nne za matabaka ya Kihindu. Katika eneo la Konkan, pwani ya magharibi ya India, wengi wao walikuwa Wamahar. Kazi za Mmahar kijijini zilikuwa za kurithi: kulinda mipaka, kupeleka habari za msiba kijiji cha pili, kuburura mzoga wa ng'ombe hadi nje ya makazi. Ujira wake ulikuwa kipande cha ardhi kilichofungamana na kazi hizo, fungu la nafaka wakati wa mavuno, na makombo ya mkate yaliyokusanywa mlango kwa mlango. Nyumba zao zilijengwa kando ya kijiji. Kisima cha kijiji hawakukigusa. Mwenye kiu alisubiri pembeni mpaka atokee mtu wa tabaka la juu mwenye huruma ya kummiminia, kwa mbali, chombo kisigusane na chombo.

Ambedkar aliyajua hayo tangu utotoni. Alizaliwa 1891, mtoto wa subedari wa jeshi la Waingereza, na baba mwenye cheo hakumsaidia kitu shuleni: alikalia gunia lake mwenyewe, na bomba la maji hakuruhusiwa kulifungua. Tarishi wa shule ndiye aliyemfungulia. Siku tarishi asipokuwapo, mtoto alishinda na kiu. Mtoto huyo alikuja kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na shule ya uchumi ya London, akawa wakili mwenye leseni ya Uingereza. Mwanzoni mwa 1927 alikuwa na miaka 35, amekwisha kuteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Bombay.

Kwetu sisi wa pwani najisi ni jambo la kila siku, na dawa yake inajulikana: maji. Nguo ikipata najisi inafuliwa, mtu akipata najisi anajitoharisha, habari imekwisha. Fikra ya Mahad ilikwenda kinyume kabisa. Unajisi ulikuwa ndani ya mtu tangu tumboni mwa mama yake, haufuliki, na maji ndiyo yaliyoharibika kwa kuguswa naye. Bila kulishika hilo, mambo waliyoyafanya watu wa Mahad siku ya pili ya mkasa yataonekana kama wazimu, kumbe yalifuata mantiki yake.

Karatasi

Mwezi Agosti 1923, mjumbe wa Baraza la Bombay aitwaye S. K. Bole aliwasilisha azimio, likapita. Lilisema watu wa matabaka yasiyoguswa waruhusiwe kutumia visima na mabwawa yote ya umma, nyumba za wasafiri zilizojengwa au kutunzwa kwa fedha za umma, pamoja na shule, mahakama, ofisi na zahanati za serikali. Mwezi uliofuata serikali ikaagiza idara zake zilitekeleze. Januari 1924 halmashauri ya mji wa Mahad ikapitisha azimio lake: Bwawa la Chavdar liko wazi kwa wote.

Halafu hakikutokea kitu. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Mwaka 1926 Bole alirudi barazani na azimio jingine, safari hii akitaka halmashauri zisizotekeleza zinyimwe ruzuku. Bwawani Mahad hapakutokea hata mtu mmoja aliyepewa jina la "asiyeguswa" akachota.

Wapo waliosema basi hawana haja nalo. Waangalie mahali penyewe. Bwawa lilikuwa na ukubwa wa ekari kati ya 4 na 5, likilishwa na mvua za masika pamoja na chemchemi chache. Barabara za halmashauri zililizunguka pande zote, na ng'ambo ya barabara, karibu pande zote, zilipangana nyumba za Wahindu wa matabaka ya juu, na kona ya kusini nyumba chache za Waislamu. Mmahar mwenye ndoo angepita mbele ya vibaraza vya watu walewale waliomkodisha shamba, waliomkopesha mbegu, waliomuuzia chumvi. Azimio la halmashauri lilimpa ruhusa ya kuteremka majini. Halikumpa mtu wa kusimama naye, wala shamba la kulima iwapo mwenye shamba angekasirika. Waislamu walichota humo, wanyama walinyweshwa humo, hakuna aliyeona vibaya.

Machi 1927

Mkutano wa wasioguswa wa wilaya ya Kolaba uliitishwa Mahad tarehe 19 na 20 Machi 1927. Uchaguzi wa mji haukuwa wa bahati nasibu. Kijana wa eneo hilo, R. B. More, alikuwa ameshaanza kuwapanga watu vijijini. Mwenyekiti wa halmashauri, Surendranath Tipnis, alikuwa mtu wa tabaka la juu anayeunga mkono. Vivyo hivyo A. V. Chitre, na Brahmini mmoja, yaani mtu wa tabaka la makuhani, G. N. Sahasrabuddhe. Tena Konkan ilijaa askari wastaafu. Waingereza walikuwa wamewaandikisha Wamahar jeshini kwa miongo mingi kabla ya kuacha kuwachukua mwishoni mwa karne ya 19, na wastaafu hao walirudi vijijini wakiwa wanajua kusoma, wana pensheni ndogo isiyotoka mkononi mwa mwenye shamba, na wamekwisha kuona kwamba risasi haiulizi tabaka. Gopal Baba Walangkar, aliyeandika na kunung'unika juu ya hali ya Wamahar tangu karne ya 19, alikuwa askari mstaafu na mwenyeji wa sehemu hizohizo.

Walifika wajumbe wapatao 2,500, hesabu nyingine zinapanda zaidi. Siku ya kwanza Ambedkar aliwahutubia kama mtu anayezungumza na ndugu zake: waache kula nyamafu, waache kuokota makombo, wawasomeshe watoto, watafute ardhi ya kulima. Hotuba hiyo ni kali kwa wasikilizaji wenyewe kuliko kwa Wabrahmini, na nadhani ndiyo iliyowatayarisha kwa yaliyofuata. Huwezi kumwambia mtu akadai bwawa ilhali bado anapokea mkate wa jana mlangoni.

Asubuhi ya tarehe 20, shughuli zilipokuwa zinakaribia kufungwa, Chitre alisimama akauliza: azimio la halmashauri lipo, bwawa liko pale, tunaondoka bila kwenda? Msafara ukapangwa, watu wakapita katika mitaa ya soko kwa safu na utulivu, wakafika bwawani. Ambedkar akanywa. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, maelfu. Wakarudi bandani kula chakula na kufunga mizigo.

Baada ya kama saa mbili ulizuka uvumi kwamba sasa wanakwenda kuingia hekalu la Veereshwar. Hapakuwa na mpango huo. Lakini uvumi ndio uliohitajika. Kundi lenye marungu lilivamia banda, likakuta wengi wamekwisha kutawanyika na waliobaki wanakula. Chakula kilimwagwa mchangani, watu wakapigwa, wanawake na watoto hawakusazwa. Waliotangulia njiani waliviziwa wawili wawili. Watu kama 20 waliumizwa vibaya. Baadhi waliokolewa na familia za Kiislamu zilizowafungulia milango, na hilo lafaa likumbukwe kila kisa hiki kinaposimuliwa. Ujumbe ulikuwa umepelekwa pia vijijini: wakirudi, wapokeeni kwa fimbo.

Ambedkar alikuwa katika nyumba ya wageni ya serikali. Waliomzunguka walikuwa wanaume kama mia, wengine askari wa zamani waliopigana vita vya kweli, wakisubiri neno lake. Neno lake lilikuwa hapana. Mtu aweza kusema alikuwa mpole. Mimi sioni upole hapo, naona hesabu. Wangelipiza kisasi, wangeshinda mtaani jioni ile, na kesho yake kesi ya jinai ingekuwa ya pande mbili, "ghasia za kikabila", na azimio la 1924 lingezikwa chini ya majeruhi wa pande zote. Kwa kuzuia mikono, alibakiza jambo moja lililo wazi kwa polisi, magazeti na hakimu: watu wasio na silaha walikunywa maji halali, wakapigwa. Mwezi Juni watu watano kati ya tisa walioshtakiwa walihukumiwa kifungo cha miezi minne na kazi ngumu.

Ila kabla ya hapo, yaani siku ya pili tu, wazee wa mji walikaa wakaamua bwawa limenajisika. Maji yalitekwa kwa vyungu 108, vikamwagwa nje. Kisha maziwa, mtindi, mavi na mkojo wa ng'ombe vikatiwa bwawani huku Wabrahmini wakisoma mantra, maneno yao matakatifu. Bwawa likatangazwa safi. Najua msomaji atacheka, lakini mimi humsomea mtu sehemu hii ili nimwonyeshe jinsi upande ule ulivyolichukulia jambo hili kwa dhati. Fimbo zilikuwa za hasira ya saa moja. Vyungu vilikuwa vya imani, na imani haipelekwi jela miezi minne ikaisha.

Tarehe 4 Agosti 1927 halmashauri ya Mahad ilifuta azimio lake la 1924. Haki iliyotolewa kwa kura ilinyang'anywa kwa kura. Kwangu hii ndiyo hatua iliyobadilisha sura ya kisa chote. Hadi Julai, wasioguswa walikuwa wanatekeleza sheria ya mji. Kuanzia Agosti walikuwa wanadai kitu ambacho mji umewanyima rasmi.

Desemba

Ambedkar alijibu kwa kutangaza mkutano wa pili tarehe 25 hadi 27 Desemba, na safari hii kusudi lilitangazwa tangu mapema: satyagraha, yaani ukaidi wa amani kwa jina la ukweli, mbinu ambayo Gandhi alikuwa ameipa sifa. Picha ya Gandhi hata ilitundikwa bandani. Uhusiano wa wawili hao ulikuwa bado haujaharibika.

Wapinzani nao walijifunza. Fimbo za Machi ziliwapa wafungwa watano na aibu magazetini. Safari hii wakaenda mahakamani. Tarehe 12 Desemba walifungua shauri Mahad dhidi ya Ambedkar na wenzake, wakidai bwawa si la umma, ni mali ya Wahindu wa matabaka ya juu tangu enzi na enzi. Siku mbili baadaye hakimu akatoa zuio la muda: wadaiwa wasilikaribie bwawa wala kuchota mpaka shauri liamuliwe. Zuio lilitoka siku 11 kabla ya mkutano.

Hapakuwa na Mhindu wa Mahad aliyekubali kuwapangishia kiwanja; Mwislamu mmoja akawapa chake. Wafanyabiashara waligoma kuuza unga, dengu na mafuta, kwa hiyo shehena ya chakula ikaletwa kutoka nje kwa ajili ya maelfu ya watu. Walikuja zaidi ya 10,000.

Usiku wa tarehe 25, kwa pendekezo la Sahasrabuddhe, Brahmini yule, mkutano uliazimia kuichoma hadharani Manusmriti, maandiko ya kale ya sheria za Kihindu yanayompangia kila mtu nafasi yake kwa kuzaliwa na kumwekea Shudra, mtu wa ngazi ya chini kabisa kati ya zile nne, adhabu kwa kutaka kujua asichoruhusiwa. Shimo lilikuwa limechimbwa mbele ya banda. Kitabu kikatiwa motoni. Katika hotuba yake Ambedkar aliulinganisha mkutano ule na Bunge la Ufaransa la 1789, akasema maneno ambayo hadi leo ni muhtasari bora wa shauri zima: maji ya Chavdar hayatatufanya tuishi milele, tumeishi siku zote bila kuyanywa, tunakwenda bwawani kuthibitisha kwamba nasi ni watu kama wengine.

Asubuhi yake likaja swali ambalo kila mtu alikuwa analisubiri. Tunakwenda, au tunatii zuio?

Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, alikuja mwenyewe kuzungumza na mkutano, akiwasihi watii amri ya mahakama. Maelfu walikuwa wamejitolea kwenda hata kama ni jela, na wengi bandani walitaka kwenda saa ileile. Ambedkar alisikiliza mjadala, kisha akawashauri waahirishe. Tarehe 27 walifanya maandamano kulizunguka bwawa, mabango juu, bila mtu hata mmoja kuteremka majini. Wakarudi makwao.

Uamuzi huo umebishaniwa tangu siku ile. Wanaoulaumu husema Gandhi asingesita, kwamba kiini cha satyagraha ni kuvunja amri na kukubali adhabu, na kwamba watu waliotembea kwa miguu kutoka vijijini walistahili kuondoka na zaidi ya mzunguko wa barabarani. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini wakati Gandhi anavunja amri, adui ndiye aliyeitoa: serikali ya Waingereza. Mahad adui alikuwa jirani, na serikali ilikuwa imesimama kando ikitazama. Ambedkar angevunja zuio, angekuwa amewafanyia kazi walalamikaji: ghafla vita ingekuwa baina ya wasioguswa na polisi, na Wahindu wa Mahad wangekaa vibarazani kuangalia. Wanaume wangefungwa, na nyumbani wangewaacha wake na watoto wakizungukwa na vijiji ambavyo Machi vilionyesha vinaweza nini. Tena alikuwa mwanasheria aliyeamini kwa dhati kwamba kesi ile inashindika. Mimi niko upande wake, nikikubali kwamba gharama ilikuwa kubwa, nayo inaonekana nikifika kwenye hukumu.

Jambo moja la siku ile lisipotee katikati ya mabishano. Ambedkar aliomba azungumze na wanawake peke yao. Aliwaambia wasivae sari kwa namna iliyowatambulisha kijijini kuwa wasioguswa, fundo juu ya goti na mapambo mazito ya shaba na fedha, bali wavae kama wanawake wengine. Wawapeleke binti zao shule. Wasimpikie mume anayeleta nyamafu nyumbani. Wengi walibadilisha mavazi palepale. Hakuna zuio la mahakama lililoweza kuligusa hilo, na kwa kuwa hakuna aliyehitaji kibali cha mtu, lilitekelezwa kabla ya mkutano kufungwa.

Miaka tisa ya makaratasi

Februari 1928 zuio la muda liliondolewa. Shauri lenyewe likaendelea. Mahakama ya mwanzo iliwakatalia walalamikaji mwaka 1931, rufaa yao ya kwanza ikakataliwa 1933, wakaenda Bombay.

Hoja zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba bwawa ni mali binafsi. Hii ilikufa mapema: bwawa lilikuwa mikononi mwa halmashauri. Ya pili ilikuwa ya hatari zaidi. Walisema hata kama bwawa ni la halmashauri, kuna desturi ya tangu kale kwamba wasioguswa hawachoti, na desturi ya kale ina nguvu ya sheria.

Sheria ya Kiingereza iliyotumika India inaitambua desturi, kwa masharti. Lazima iwe ya tangu zamani zisizokumbukika, iwe dhahiri, isikatike, na iwe ya busara. Walalamikaji walileta wazee wakatoa ushahidi kwamba katika maisha yao hawajapata kumwona asiyeguswa pale. Hilo halikubishwa na mtu. Swali likawa: je, kutoonekana kwao kwa kizazi kimoja au viwili, wakati halmashauri ipo, kunathibitisha kwamba walikatazwa tangu zamani? Majaji walikataa. Mtu asipochota maji mahali, yaweza kuwa alikatazwa, yaweza pia kuwa nyumba yake iko mbali na kisima chake kiko karibu, wala haikutokea siku ya kumkataza. Desturi ya tangu zamani haikuthibitishwa, rufaa ikaanguka.

Kisha wakaongeza sentensi ambayo wanafunzi wa sheria wanapaswa kuisoma mara mbili. Walisema laiti desturi hiyo ingethibitishwa, huenda ingewabidi wachunguze kama ni ya busara na kama haipingani na maslahi ya umma. Kwa kuwa haikuthibitishwa, hawakuhitaji kulijibu hilo.

Hapa ndipo ushindi wa Mahad ulipo mwembamba. Mahakama haikusema kumzuia mtu maji kwa sababu ya kuzaliwa kwake ni dhuluma. Ilisema wanaotaka kumzuia hawakuleta ushahidi wa umri wa kutosha. Mji wa pili, wenye bwawa lenye kumbukumbu kongwe na wazee wenye ndimi nzuri zaidi, ungeweza kujaribu bahati yake. Waliofurahia hukumu hiyo walikuwa na haki ya kufurahi, ila walifurahia kushinda kwa mlango wa uani.

Na walioshinda walikuwa wamekwisha kuhama. Kati ya 1927 na 1937 Ambedkar alikuwa ameongoza mapambano ya hekalu la Kalaram kule Nashik kuanzia 1930, amekaa meza moja na Waingereza London, amegongana na Gandhi hadi Mapatano ya Poona ya 1932 kuhusu viti vya uchaguzi vya wasioguswa, na Oktoba 1935 ametangaza kule Yeola kwamba ingawa alizaliwa Mhindu, hatakufa Mhindu. Mwaka 1936 aliunda chama cha siasa cha wafanyakazi, na hukumu ilipotoka Machi 1937 alikuwa ametoka kuchaguliwa katika bunge la jimbo. Haki ya kuchota bwawani pamoja na Wahindu ilimfikia wakati ambapo hakuwa tena akiomba kukubaliwa nao. Ndiyo gharama niliyoitaja. Kwa kukubali kwenda mahakamani, harakati ilitoa jambo mikononi mwa watu 10,000, ikalikabidhi kwa mawakili wachache, na saa ya mahakama haiendi sawasawa na saa ya mtu mwenye kiu.

Baada ya uhuru, Ambedkar aliongoza kamati iliyoandaa rasimu ya Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Kifungu cha 17 kinafuta kabisa utaratibu wa kutoguswa. Kifungu cha 15, ibara ya 2, kinafanya kazi ya kinaganaga: hakuna raia atakayezuiwa, kwa sababu ya dini, asili, tabaka, jinsia au mahali alipozaliwa, kuingia madukani na migahawani, wala kutumia visima, mabwawa, mahali pa kuogea, barabara na sehemu za mapumziko zinazotunzwa kwa fedha za serikali, zote au sehemu yake, au zilizowekwa kwa matumizi ya umma. Ukiiweka orodha hiyo karibu na azimio la Bole la 1923 utaona undugu wao. Tofauti ni kwamba hapa hakuna halmashauri inayoweza kupiga kura Agosti ikafuta, wala hakuna hakimu atakayeuliza desturi ina umri gani.

Sheria ya adhabu ilikuja 1955, na nyingine kali zaidi 1989, ambayo inataja kwa jina kosa la kuchafua maji yanayotumiwa na Wadalit. Mwishoni mwa Desemba 2022, katika kijiji cha Vengaivayal, wilaya ya Pudukkottai, Tamil Nadu, kinyesi cha binadamu kilikutwa ndani ya tangi la maji linalohudumia kaya za Kidalit. Hoja ya 1927 ya mali binafsi nayo haijafa. Ibara ile ya Katiba na sheria ya 1955 zinazungumzia maji ambayo umma una haki nayo au unayafikia. Kisima kilichochimbwa ndani ya shamba la mtu, kwa fedha zake, kisichofunguliwa kwa umma, kiko nje ya maneno hayo, na katika vijiji vingi vya India visima vya namna hiyo ndivyo vinavyobaki na maji kiangazi kinapokuwa kirefu, na wenye mashamba yenye visima hivyo, mara nyingi, si Wadalit.